Fantasia za vijana: kwanini uchawi wa vitabuni hauna masharti? Naombeni mawazo na vitabu

BintiSahare:

Habari zenu wadau. Mi nipo Tanga, nina miaka 16, fomu tatu, na nasoma sana riwaya za fantasia zile za vijana, za majoka na shule za uchawi na falme zinazopigana. Naomba nitoe ya moyoni afu niulize swali, maana nyumbani hakuna wa kuongea nae haya mambo na shuleni nikianza kusimulia wenzangu wananambia wao wanasubiri muvi.

Kuvipata tu vitabu ni kazi. Kuna baba anauza vya mitumba kule Ngamiani, anavimwaga chini kwenye turubai, nachutama pale nachambua kama watu wanavochambua nguo, unakuta sehemu ya pili ipo ya kwanza haipo, hata sa hivi nina vitabu vitatu nimevianzia katikati na mwanzo wake nabuni mwenyewe. Vingine binamu yangu wa Dar ananitumia kwenye simu ya mama, navisoma usiku mama akishalala mpaka simu inazima.

Sasa kusoma kote huko kuna vitu vimenichosha. Kwanza mteule. Mtoto yatima, hajui chochote, siku moja anaambiwa we ndo ulotabiriwa, basi kuanzia hapo kila anachogusa kinamtii na wale waliosota miaka kumi wanakaa pembeni wanamshangilia. Afu msichana mmoja wavulana wawili, mji unaungua huku yeye anawaza amchague nani, kurasa arobaini. Hivo viwili navivumilia kitabu kikiwa kizuri. Ambacho siwezi kabisa ni uchawi wa bure. Mtu ananyoosha mkono moto unatoka, kesho tena, keshokutwa tena, hachoki, halipi, hapotezi kitu, sasa mi ntamuogopea vipi? Akikwama najua tu atanyoosha tena mkono.

Hapa kwetu kila mtu anajua dawa ina masharti, hata ambae haamini. Bibi mzaa baba alikua akitusimulia mganga mmoja wa huko kwao Pangani ambae alikua hali samaki asie na magamba na havuki mto usiku, akivunja mwiko dawa yake inabaki majani tu kama majani mengine. Sijui kama alikuwepo kweli huyo mtu, ila nilikua nasikiliza nimekumbatia magoti, maana nilishajua iko siku mtoto wa mtu ataumwa ng'ambo ya pili na itakua usiku. Mi nadhani hadithi inaanzia hapo. Unaambiwa mwiko mapema, afu unakaa unaogopa ni nani atakaemfanya auvunje.

Vitabu viwili ndo vimenikaa. Kimoja ni Children of Blood and Bone cha Tomi Adeyemi, cha 2018, mwandishi Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Mle ndani watu wenye uwezo wanaitwa maji. Yeye ana maana yake, ila mimi kurasa za mwanzo zote nilikua naona maji haya haya ya kisimani, na moja kwa moja nikakumbuka dawa ya Kinjeketile tuliyosoma kwenye historia, vita ya Majimaji 1905 mpaka 1907, na ile dawa nayo ilikua na masharti, wapiganaji walikatazwa kupora mali. Shujaa anaitwa Zélie, baba yake mvuvi, na mwanzoni kabisa anapeleka samaki mkubwa soko la Lagos akauze walipe kodi. Kwa alivyoelezwa yule samaki mi nikaona ni nduaro. Nimekulia Sahare, nimeona nduaro akishushwa, watu wawili wamembeba begani, ule mkuki wa mdomoni umezungushiwa gunia usimchome mtu, na dalali anaanza kuita bei samaki hajagusa hata mchanga. Kwahiyo ile sura niliisoma nasikia mpaka harufu. Halafu Zélie huyo huyo anakuja kumpenda mtoto wa mfalme, na ni mfalme ambae amri yake ndo ilomuua mama yake, tena haraka haraka vile, nilikifunga kitabu siku mbili nzima kwa hasira. Nilikimaliza lakini. Wanaosimulia ni watatu kwa zamu na yule mwana wa mfalme ni mmoja wao, labda ndo maana mwandishi alimuonea huruma mapema kuliko mimi.

Cha pili ni Akata Witch cha Nnedi Okorafor, 2011. Sunny ana miaka 12, kazaliwa New York anaishi Nigeria, na ana ualbino. Jamani hii kwangu ilikua kubwa. Kwenye nchi yetu hii watu wenye ualbino wamekatwa viungo na wameuawa kwa ajili ya waganga waongo wanaodai viungo vyao vinaleta utajiri. Nina rafiki yangu ana ualbino, tupo fomu tatu na mama yake mpaka leo anamsindikiza shule na kumfuata. Afu nakutana na kitabu ambacho mtoto kama yeye ndo anajifunza elimu ya siri, na ndo anatakiwa amzuie mtu anaeteka watoto kwa mambo ya kishirikina. Nilimsomea rafiki yangu sura tatu chini ya mwarobaini, nasoma huku namtafsiria, akaniuliza kitu kimoja tu, "anatoka juani?" Nikamwambia mwanzoni hatoki, anacheza mpira usiku. Akakaa kimya afu akasema nisomee tena hapo pa mpira.

Na uchawi wa mle una hesabu yake. Ukijifunza kitu kipya hela zinakudondokea miguuni, zinaitwa chittim, yaani anaeheshimika ni anaejua, mwenye nyumba kubwa hana chake. Na kile ambacho watu wanakiona kasoro kwako ndo mlango wa uwezo wako, kuna kijana anaitwa Orlu herufi zinamsumbua kusoma, na yeye ndie anaeweza kufumua kila kilichofungwa.

Sasa kimenipata nini. Mama kaliona jalada, akamuuliza kaka yangu lile neno la pili maana yake nini, kaka akamwambia mchawi. Kitabu kipo kabatini chini ya mashuka na ufunguo anao mama. Simlaumu, mtu wa Tanga ukienda mkoa wowote ukisema kwenu ni Tanga swali la kwanza ni la majini, mama yangu amechoka na hilo toka ujana wake na hataki liingie ndani kwake kwa mlango wa kitabu.

Maswali yangu basi: hivi Kiswahili chetu kina fantasia ya watu wa umri wangu, yenye masharti, isiyo ya bure? Na hicho kitu wanachokiita uchawi kwenye hivi vitabu tungekiitaje sisi, maana nikisema shule ya uchawi mbele ya mama naona kabisa kwanini anafunga kabati.

Mwl wa Bagamoyo:

Mwanangu hujambo. Mi nafundisha Kiswahili sekondari huku Bagamoyo, nimeisoma post yako mara mbili na nimefurahi sana, hasa hapo pa mganga na mto.

Jibu la swali la kwanza umezaliwa nalo jirani. Shaaban Robert kazaliwa Vibambani, hapo hapo kwenu Tanga, mwaka 1909. Watoto wengi wanamjua kwa mashairi ya mtihani na wanaishia hapo. Tafuta Adili na Nduguze, kilitoka 1952, ni chembamba, utakimaliza kwa siku moja. Kuna majini mle, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe, lakini kwa jinsi ulivyouliza nataka uanze na manyani. Mjumbe wa mfalme analala kwa Adili, usiku anachungulia anamuona mwenyeji wake, mtu anaesifiwa nchi nzima kwa upole, anawachapa nyani wawili mijeledi bila huruma, akimaliza anawakumbatia, analia nao na kuwalisha kwa mkono wake. Wale nyani ni ndugu zake wa damu walomfanyia ubaya, jini anaeitwa Huria ndie alowageuza, na kamuwekea Adili sharti la kuwachapa kila usiku. Siku akiacha adhabu inamrudia mwenyewe. Umeiona bei hapo? Waliogeuzwa ni ndugu, ila anaelipa kila usiku ni yule asie na kosa. Kila nikifundisha pale darasa linanyamaza.

Cha pili, muulize mama yako au bibi yako hadithi ya Sultani Majinuni na nunda mla watu. Iliandikwa zamani mno, Askofu Steere aliikusanya Unguja na ikachapwa London 1870, lakini pwani nzima tumehadithiwa. Sultani ana paka, paka anaanza kula kuku, sultani anasema muacheni paka ni wangu na kuku ni wangu, anakula mbuzi, jibu ni lile lile, anakula ng'ombe, mpaka anakimbilia porini akawa nunda anakula watu na watoto wa sultani wamo. Kitindamimba ndio anaondoka kwenda kumtafuta, na hamjui nunda anafananaje! Kila akiua mnyama anamletea mama yake akiimba kwamba leo nimemuua nunda, na mama anamjibu kwa wimbo, mwanangu siye. Analeta fungo siye, pundamilia siye, twiga siye, tembo siye. Kila safari mnyama ni mkubwa zaidi na mama anamsihi asirudi porini. Mtu asiniambie hii haiko sawa na hizo trilojia zenu.

Neno la kutafsiria niachie kwanza, nalifikiria.

Kijana wa Makorora:

Dogo umeandika vizuri ila mi kwenye mteule nakupinga kidogo. Mteule sio tatizo, tatizo ni mteule mvivu. Huyo kitindamimba aliesema mwalimu nae si mteule? Hadithi zetu zote mshindi ni mtoto wa mwisho, tunajua toka sentensi ya kwanza, na bado tunasikiliza, kwasababu tunamuona anavopata tabu.

Na kwenye mapenzi pia umewaonea. Una miaka 16, ukifika 20 ukirudia kile kitabu cha Zélie huenda ukamuelewa, mtu aliebeba hasira muda wote ule akikutana na mmoja tu anaemsikiliza anaweza kuteleza. Haraka ni haraka kweli, hapo nakupa, ila uongo sio.

Kwenye uchawi wa bure lakini nipo upande wako asilimia mia. Na ndio maana naona Fumo Liongo anawapita hao wote. Chuma hakimuingii, mshale haumuingii, na ingeishia hapo angekua kama hao wa kunyoosha mkono. Ila ana siri moja, sindano ya shaba kitovuni, na inabidi amwambie mtu maana binadamu hawezi kukaa na siri peke yake, akamwambia mwanawe. Mtoto ndie aliemchoma akiwa amelala. Afu sasa ile picha ya mwisho, Liongo anaamka na jeraha, anachukua upinde na mishale, anaenda kisimani anapiga goti amevuta upinde, anakufa hivo hivo, na mji mzima unakaa na kiu siku kadhaa hakuna anaethubutu kusogea kuchota maji wakijua yu hai. Babu alinisimulia umeme umekatika, nilikua darasa la nne, kesho yake nilitumwa bombani nikagoma kwenda.

Kingine, hivi umeshaingia mapango ya Amboni? Kilomita kama nane tu kutoka mjini. Mle ndani kuna sehemu watu wanaweka sadaka za mizimu, kuna popo, kuna njia ambazo watu wanasema zinatokea Mombasa, na ndio yaliyomficha Osale Otango na Paulo Hamisi miaka ya 1950 wakitafutwa na serikali ya mkoloni, na wazee wanasema Osale alikua akijigeuza. We unatafuta fantasia kwenye turubai la Ngamiani na Amboni ipo pale pale.

Mama Watatu:

Binti yangu mimi nitakujibu kama mama, maana na mimi ningefunga kabati.

Naomba uelewe lile neno linafanya nini kwetu. Kwa hao wenzetu imeshakua neno la hadithi, wanalivalisha watoto kofia ndefu wanapiga nalo picha. Hapa kwetu bibi kizee akiitwa mchawi hachekwi, anaweza kuchomewa nyumba au kuuawa kabisa, na ushahidi wao ni macho mekundu, na macho yenyewe ni mekundu kwa moshi wa kuni miaka hamsini. Nchi hii ina sheria ya uchawi toka 1928, enzi za Mwingereza, mpaka leo ipo. Kwahiyo mwandishi akimuita shujaa wake hivyo kwa Kiingereza anajua anachofanya na wasomaji wake wanamuelewa, lakini kaka yako alivyomtafsiria mama kwa neno moja, mchawi, alimkabidhi kitu kingine kabisa. Mama yako kakikataa kile alichotafsiriwa, kitabu chenyewe hajakisoma.

Sisi kwa lugha yetu tumetenganisha. Uchawi ni kudhuru kwa siri, hauna uzuri wowote. Uganga ni kutibu, na ndio huo wenye masharti na miiko uliosema. Mazingaombwe ni ya kuchezea macho ya watu. Karama ni anayopewa mtu na Mungu. Huyo mtoto wako Sunny kwa ulivyomueleza ni mwanafunzi wa uganga, anajifunza, anafuata miiko, na anaepambana nae ndie mchawi. Ungemueleza mama hivyo sidhani kama angesumbuka.

Na usimueleze kwa mabishano. Msubiri akiwa jikoni anachambua mchele au anakuna nazi, mikono ina kazi na masikio yako wazi, umsomee hapo pa mpira wa usiku. Usianzie mwanzo.

Mwl wa Bagamoyo:

Mama Watatu umenimalizia kazi, mi nilikua nazunguka kwenye "sihiri" lakini wenye dini yao nayo wangefunga kabati. Uganga kwa shule hizo naona inakaa vizuri, shule ya uganga, wanafunzi ni wanagenzi. Ile ya moto wa mkononi usio na sharti lolote mi ningeiita mazingaombwe na kuiacha huko.

BintiSahare:

Shikamoo mwalimu, shikamoo mama, asanteni sana, na kaka wa Makorora asante ila la Zélie tutabishana tena nikifika 20.

Nimechelewa kujibu maana nilitaka nifanye kwanza. Maktaba Adili na Nduguze nimekipata, jalada limeachia limeshikwa na gundi ya karatasi, nimekimaliza jana. Ile ya manyani nimeisoma mara tatu. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba Adili anaamka asubuhi anaenda kuhukumu kesi za watu kwa haki na mkono ule ule una malengelenge ya mjeledi, hayo malengelenge hayajaandikwa mimi nimeyaona tu. Sitapenda uongo, sehemu ya maneno ya hekima ni nyingi na zingine niliruka, wenzangu darasani wangeacha hapo. Ningetamani mtu wa sasa aiandike upya hivi hivi ila kutoka kwa nyani. Anajua yeye ni mtu, anajua anachapwa kwa haki, na anaona ndugu yake analia.

Kwa mama nilienda nikiwa na Sultani Majinuni, sikuanza na Sunny niliogopa. Alikua anakuna nazi. Nikaanza kumsimulia nilivosoma hapa, nikafika kwa fungo, kabla sijamaliza mama akaimba yeye, ule wimbo wa mwanangu siye, wote, na sauti nisiyowahi kuisikia kwake, mbuzi ya kukunia nazi imesimama. Aliimba mpaka tembo. Afu akanirekebisha, akasema kwao baada ya fungo anakuja kanu, mwalimu wako kamruka kanu. Mwalimu samahani, ndo maneno yake.

Basi hapo nikamwambia kuhusu mtoto asietoka juani na mpira wa usiku, nikamwambia ni mwanagenzi wa uganga na ana miiko. Hakusema kitu. Kabati halijafunguliwa mpaka leo. Ila jana usiku ananipa simu nisome akaniuliza, yule mtoto alishamkamata huyo mteka watoto au bado? Nikamwambia sijui mama, nilikua sijamaliza, kimebaki kama robo.

Kuna mwenye cha pili, Akata Warrior? Kilitoka 2017. Hata kama kimechanika, nipo tayari kukifuata mpaka Muheza.